Kipimo cha Mfuko

Mimi ni mtu wa mifuko. Miaka ishirini na sita
naendesha duka la mashine za kufulia hapa Enid, Oklahoma,
na kila jioni nakung'uta walichosahau watu:
funguo, meno ya bandia, barua ya talaka iliyoloa ikawa uji,
na mara moja, ndani ya mashine ya kukausha,
risasi, ikigonga chuma ngo, ngo, ngo,
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kwa hiyo Delmar Stucky alipotandaza kitambaa cha kijani
akapanga bastola tatu juu yake kama muuza saa,
sikuuliza ipi inaua.
Niliuliza ipi inakaa.

Ya kwanza, ndogo kama pakiti ya sigara, nyepesi
hata ukadhani wamesahau kutia kitu ndani.
"Hii hutaihisi," akasema.
Lakini uwanjani, nyuma ya maghala ya ngano,
ilinipiga teke kitangani kama nyumbu mwenye kisirani,
na kishikio hakikuwa na nafasi ya kidole cha mwisho,
kikabaki kimeinuka hewani
kama cha bibie anayekunywa chai kwa madaha.

Ya pili rivolva ya chuma, tumbo limetuna,
risasi tano, haikwami, haihitaji kubembelezwa.
Kifyatulio chake kigumu kama droo iliyovimba kwa mvua:
unavuta, unavuta, bado una wakati wa kubadili nia.
Hilo nililipenda.
Delmar akasema hilo ndilo kasoro yake.

Ya tatu bapa, milimita tisa, kumi tumboni,
haina nyundo ya kunasa uzi wa mfuko,
vitone vya kulengea vinang'aa gizani.
Ndiyo anayobeba yeye. Ndiyo anayobeba mkewe.
Alinieleza nusu saa nzima, na kila alichosema kilikuwa kweli.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Nikatazama changu, chenye kovu la pasi,
nikaona wahenga hawakufika dukani kwa Delmar.

Sikununua. Nilirudi na uzito tu, nimeuandika
nyuma ya risiti ya sabuni, bastola zikiwa zimejazwa.
Mimi hupima kwa robo dola:
ile ndogo ni kifurushi kimoja na nusu cha sarafu,
ile bapa viwili na ushei,
rivolva vitatu kamili.
Nikashona vijaluba vitatu vya kitambaa cha jinzi,
nikatia sarafu, na kila kimoja nikakibeba wiki nzima
katika mfuko wa kulia wa aproni.

Kile cha kwanza nilikisahau kufikia Jumanne.
Kilipita karibu nikitupe kwenye maji ya moto.
Cha pili kilinigonga nyonga kila nilipoinama kuchukua soksi.
Cha tatu kilinivuta upande mmoja
hata Wendell Kopecky wa duka la matairi,
yule aliyeporwa mwezi Machi, akaniuliza kama nina jongo.
"Usiku unabeba pesa, Nelda," akasema. "Usichelewe."
Kweli. Hatua mia na arobaini hadi tundu la benki ukutani,
na taa ya kona haijawaka tangu Krismasi.

Wiki ile ile ya tatu, Junie alitoka shule
akanikumbatia kama anavyokumbatia, kwa kujirusha,
na paji lake la uso sasa limefika
mfukoni hasa.
"Bibi! Una nini humo?"
"Sarafu," nikasema, nikamwonyesha,
naye akachukua mbili za mashine ya peremende,
akaenda, akisugua paji lake.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Mashine namba nane ilikuwa inazungusha blanketi la mtu.
Nilisema kweli, na ilikuwa rahisi,
kama kufungua kiganja.

Delmar hufunga saa kumi na moja Jumamosi.
Mfuko nimeushona mara mbili, uzi wa nailoni.
Bado sijajua naushona usichanike
au naushona uzibe.